Akirudi Nyumbani Kabla ya Kumaliza PhD



Ndugu zetu wasomaji, leo tunataka kuzungumza na familia, na hasa wazazi, juu ya jambo ambalo hapa Kamembe husemwa kwa sauti ya chini. Kijana aliyekuwa akisoma PhD, awe Huye, Kigali, Kampala, Dar es Salaam au Ulaya, anarudi nyumbani kabla ya kumaliza. Hakufukuzwa wala hakuanguka mtihani. Amekosana na msimamizi wake, hali ikawa nzito, akaomba kuahirisha masomo. Anashuka kwenye basi lililotoka Nyabugogo likavuka msitu wa Nyungwe, na hata begi hajalifungua anaulizwa: umemaliza? Akisema bado, linafuata la pili: sasa unarudi lini? Ikifika Ijumaa, mtaa mzima una habari kwamba mtoto wa fulani kagombana na profesa.

Msimamo wetu tuuseme mapema, ndugu msomaji asihangaike kuutafuta. Kuahirisha masomo kwa sababu hiyo kunaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na familia haina haki ya kuugeuza kuwa aibu. Lakini uamuzi huo uwe na karatasi na uwe na tarehe. Anayeondoka kimya kimya anaacha mambo yake yote mikononi mwa mtu yule yule aliyekosana naye.

Kwanza tuwafafanulie wazazi, kwa sababu wengi wetu watoto wetu wamefika mahali ambapo sisi hatukufika. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi ana walimu wengi. Akikosana na mmoja, wengine wamebaki, na mtihani unapita. PhD haiko hivyo. Pale mwanafunzi ana mtu mmoja, au wawili, na huyo mmoja ndiye anayekubali mada, anayesoma kila sura, anayeandika ripoti ya maendeleo, anayependekeza nani watakuwa watahini, na baadaye anayeandika barua ya kumwombea kazi. Mara nyingi hata fedha za utafiti zinapita kwake. Wenzetu wa Bukavu, hapo ng'ambo ya mto Rusizi, wanamwita promota, na wao wanajua uzito wake kuliko sisi. Katika vyuo vikuu vya Kongo mtu huanza kama asistanti, akapanda kuwa shefu de travo, na hawezi kuwa profesa mpaka apate doktora. Wapo wanaozeeka kwenye ngazi hiyo ya kati wakisubiri teze isomwe. Kwa hiyo promota akinyamaza, kinachosimama ni elimu, mshahara, na heshima nyumbani, vyote kwa pamoja.

Basi mzazi asifananishe jambo hili na ugomvi wa mwanafunzi wa sekondari na mwalimu wa hesabu. Alifananishe na kijana aliyepelekwa kujifunza ufundi katika gereji ya mtu, akakaa miaka minne, na fundi huyo ndiye peke yake katika mji mzima anayeweza kusema "huyu sasa ni fundi".

Na ugomvi unatoka wapi? Watu hupenda kudhani kuna mbaya na kuna mwema. Ukweli ni kwamba mara nyingi chanzo ni kitu kikavu kabisa: mwalimu ana wanafunzi wengi mno. Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka kwenye viwango vyake vya mwaka 2014 kwamba msimamizi mmoja asiwe na wanafunzi wa PhD zaidi ya 3 kwa wakati mmoja. Halafu mwezi Juni 2019 chuo kikuu cha JKUAT kikatoa PhD 118 katika mahafali moja, nyingi zikiwa za kitengo kimoja tu, na Tume ikalazimika kufanya uchunguzi. Mjadala ule ulihusu ubora wa shahada. Sisi tulijiuliza swali jingine: mwanafunzi mmoja mmoja katika msururu kama ule alikuwa akipata dakika ngapi za mwalimu wake? Mtu akituma sura ya tatu mwezi Januari akajibiwa Septemba, na jibu lenyewe likawa "badilisha mada", hapo hata malaika angekasirika.

Vipo na visa vingine. Kuna mvutano wa nani jina lake litangulie kwenye makala. Kuna mwalimu anayemtuma mwanafunzi kazi zake binafsi. Yuko mwanafunzi asiyekubali kusahihishwa, na huyo tusimfiche, yupo, na wengine wao ni watoto wetu. Na kuna uonevu wa kweli. Mwaka 2019 jarida la sayansi la Nature liliwauliza wanafunzi wa PhD zaidi ya 6,000 kutoka nchi nyingi. Asilimia 21 walisema wameonewa wakiwa masomoni, na kati ya hao karibu nusu walimtaja msimamizi. Asilimia 36 walisema wametafuta msaada kwa sababu ya wasiwasi au unyogovu uliotokana na masomo yao. Hao ni watu wa kila dini na kila rangi, wengi katika vyuo vyenye maabara nzuri na fedha. Kwa hiyo kijana wa Kamembe anayesema amechoka asiambiwe kwamba ni laini, au kwamba amerogwa.

Sasa tuje kwenye malezi yetu, maana hapa ndipo tunapodhani tatizo linapokua.

Sisi tumelea watoto kwa adabu ya madrasa. Mwalimu hajibiwi. Mwalimu akisema, unainamisha macho. Adabu hiyo ni nzuri na tungependa idumu. Lakini kijana anaibeba jinsi ilivyo mpaka kwenye ofisi ya profesa, na profesa, hasa wa Ulaya, anategemea kijana abishe, alete hoja, aseme "hapa sikubaliani nawe". Kijana anasema ndiyo. Anaambiwa aongeze sura, anasema ndiyo. Anaambiwa aende wilayani kukusanya takwimu upya, anasema ndiyo, na moyoni anaungua. Miaka miwili inapita hivyo. Kisha usiku mmoja, saa nane, anakaa mbele ya kompyuta na kuandika barua pepe ndefu yenye kila kitu alichokimeza tangu mwezi wa kwanza, na anabonyeza kutuma. Asubuhi profesa anafungua barua ile na kushangaa, kwani yeye miaka yote miwili aliamini mambo ni shwari.

Hili la barua ya usiku tunalirudia kwa wanafunzi kwa sababu ndilo linaloharibu zaidi. Jambo ambalo lingesemwa kwa sentensi tatu katika mwezi wa tatu, linasemwa kwa kurasa nne katika mwaka wa tatu. Kukaa kimya namna hiyo si adabu. Adabu ni kusema mapema, kwa upole, ana kwa ana, kisha kuandika ujumbe mfupi: "Profesa, nashukuru kwa kikao cha leo, tumekubaliana hili na hili." Ujumbe kama huo haumvunjii mtu heshima, na siku ya mzozo unakuwa shahidi.

Wako wazee watakaotuambia: subira. Tunawaheshimu, na subira ni katika dini. Ila hebu tukumbuke kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, na yule mja mwema tunayemjua kwa jina la Khidhr, kilichomo katika Suratul Kahf. Pale kuna mwanafunzi mkubwa kuliko wote tunaowajua, na mwalimu mwenye elimu ya kipekee, na bado hawakuweza kuendelea pamoja. Sharti liliwekwa mwanzo kabisa: Musa asiulize mpaka aambiwe. Akauliza mara ya kwanza, mara ya pili, na yeye mwenyewe akasema akiuliza tena basi waachane. Mara ya tatu wakaachana. Kabla ya kuachana mwalimu alikaa akamweleza yote matatu: jahazi, kijana na ukuta.

Tunajua kuna atakayesema: mbona katika kisa hicho mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi? Kweli kabisa. Hatukileti ili kila mwanafunzi ajione Musa na kila msimamizi aonekane mkosaji. Tunakileta kwa sababu watu wawili wema waliachana bila matusi, kwa masharti yaliyojulikana tangu siku ya kwanza, na mwanafunzi hakuondoka na maswali tumboni. Ni wanafunzi wangapi wa PhD wanaoachana na wasimamizi wao hivyo?

Mfano wa pili ni wa wanazuoni wetu, na unatugusa zaidi kwa kuwa ni wa watu waliogombana kweli. Imam Muslim bin Hajjaj alikuwa akisoma kwa Muhammad bin Yahya adh-Dhuhli, mwanachuoni mkubwa wa Nishapur. Imam Bukhari alipokuwa katika mji huo, katikati ya karne ya 3 Hijria, ukazuka mvutano kuhusu matamshi ya msomaji wa Qur'ani, suala zito la kielimu ambalo hatutaliingia hapa. Adh-Dhuhli akatangaza darsani kwake kwamba mwenye kufuata kauli ile asihudhurie. Imam Muslim akasimama mbele za watu, akatoka. Wanahistoria wanasimulia kwamba alikusanya yote aliyoyaandika kutoka kwa mwalimu yule, akampa mchukuzi, akayarudisha mlangoni kwake. Katika Sahih yake hakupokea chochote kutoka kwa adh-Dhuhli. Naye Imam Bukhari, ambaye ndiye aliyeumizwa zaidi kwani ilibidi ahame Nishapur, aliendelea kupokea hadithi kutoka kwa adh-Dhuhli katika kitabu chake, ila hakumtaja kwa jina lake kamili. Mara husema Muhammad tu, mara humnasibisha kwa babu yake.

Mabwana wawili, njia mbili, na umma umezipokea Sahih zote mbili. Kwa mwanafunzi wa leo sisi tunapenda njia ya Imam Bukhari: elimu uliyoipata kwa mtu ibaki kuwa elimu, hata kama mmekosana, na makala zake zitajwe kwenye tasnifu inapostahili. Lakini katika njia ya Imam Muslim pia kuna somo la vitendo ambalo wengi hulisahau. Alirudisha vitu. Kompyuta ya mradi, madaftari ya maabara, funguo, madodoso ya watu waliohojiwa, vyote virudishwe kwa orodha iliyosainiwa. Kesi ya "aliondoka na data zetu" ni mbaya kuliko kesi ya kukosana.

Tutoke kwa wanazuoni, tuje kwa majirani zetu wa zama hizi.

Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda, wengi wanamjua kwa Song of Lawino ya mwaka 1966. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila huko Oxford. Yeye mwenyewe ameeleza katika African Religions in Western Scholarship kwamba tangu mhadhara wa kwanza kabisa mwalimu alikuwa akiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, na alipopinga haikusaidia kitu. Alipata shahada yake pale miaka ya mwanzo ya 1960. Baadaye akaandika tasnifu ya udaktari juu ya dini ya Waluo wa kati, na mwaka 1970 Oxford ikaikataa. Hatusemi kwamba ugomvi wa darasani ndio uliomwangusha, hilo watu wanabishana mpaka leo. Tunachojua ni kwamba kazi ile haikutupwa. Mwaka 1971 ilichapishwa Nairobi kama kitabu, Religion of the Central Luo, na mpaka leo anayeandika juu ya dini za watu wa Afrika Mashariki hawezi kuiruka. Mwenyewe alifundisha Nairobi miaka mingi, na alikuwa amerudi Makerere alipofariki mwaka 1982.

Wangari Maathai mambo yake yalikwama hata kabla ya kuanza. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na barua ya kazi ya msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zuolojia. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, alieleza kwamba aliona ukabila na uanamke wake kuwa ndiyo sababu. Alihangaika miezi kadhaa, kisha profesa mwingine, Reinhold Hofmann, Mjerumani wa idara ya anatomia ya wanyama, akampokea. Mwaka 1967 akaenda Ujerumani kwa utafiti, akarudi 1969, na mwaka 1971 akapata PhD katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Tunapenda wazazi wasome kisa hiki polepole. Mlango mmoja ulifungwa kwa dhuluma, na kilichomwokoa ni idara nyingine ndani ya chuo kile kile. Hakubadilisha nchi wala ndoto. Alibadilisha mwalimu.

Na hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza kijana wako, kabla ya neno kuahirisha halijatajwa: umejaribu kuomba msimamizi mwingine? Vyuo vingi vina utaratibu huo. Kuna msimamizi wa pili, kuna mkuu wa idara, kuna kurugenzi ya masomo ya uzamili. Vijana wengi hawaendi kwao kwa sababu wanaona ni kumsemea mwalimu. Kwenda kwao si kusengenya. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kupeleka shauri lake kwa mwenye mamlaka ya kulitatua. Usengenyaji ni ule unaofanyika kwenye makundi ya simu.

Ikiwa milango hiyo imegongwa na haikufunguka, au kijana amechoka kiasi kwamba halali na hali chakula, basi kuahirisha ni halali yake. Hapo tunaomba mambo yafanyike kwa mpango, na familia imsaidie.

Ombi liandikwe kwa chuo, yaani kwa kurugenzi au msajili, na nakala iende idara. Lisiishie kwa msimamizi peke yake. Liseme masomo yanasimama tangu tarehe gani hadi tarehe gani, kwa kawaida muhula mmoja au mwaka mmoja. Sababu isemwe kwa maneno machache yasiyo na matusi. "Sababu za kiafya" kama kuna cheti cha daktari, au "kutafuta msimamizi mpya" kama ndivyo ilivyo. Kisha, na hili ni muhimu kuliko yote, asiondoke mpaka apate jibu la maandishi lililosainiwa. Asiyekuwa na barua hiyo, kwenye kompyuta ya chuo bado anahesabiwa yuko masomoni. Ada inaendelea kuhesabiwa, muda wa juu wa kumaliza unaendelea kukatika, na baada ya miaka miwili anaambiwa amefutwa. Wengi wanaosema "chuo kilinifuta" hawakuwahi kuwa na barua. Ajitolee pia nakala za kila kitu kilicho chake, maana siku anuani ya barua pepe ya chuo itakapofungwa, na mazungumzo yote yamepotea.

Mwenye bursa asome mkataba wake kabla ya kusaini chochote. Iko mikataba inayoruhusu kusimama kwa muda, na iko inayosema anayesimama arejeshe fedha. Kuna tofauti kubwa ya fedha kati ya neno "kuahirisha" na neno "kuacha", na wapo watu walioandika neno la pili kwa hasira. Aliye ng'ambo atazame na viza. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi akiahirisha masomo chuo hulazimika kuiarifu idara ya uhamiaji, na mara nyingi viza hukatwa na mtu hutakiwa kuondoka. Kama ana mke na watoto kule, nao viza zao zimefungwa kwenye yake. Hilo lijadiliwe na mke kabla ya barua kwenda. Asilisikie siku ya kufunga mizigo.

Tuseme neno moja kuhusu mabinti zetu, na tulisemee wazi. Kuna ugomvi na msimamizi ambao hauhusu tasnifu hata kidogo. Oktoba 2019 BBC ilionyesha kwa kamera za siri wahadhiri wa Lagos na wa Ghana wakiwataka wanafunzi wa kike kwa ajili ya alama au nafasi za masomo, na hakuna mtu mwenye akili anayeamini kwamba maovu hayo yanaishia Afrika Magharibi. Binti akirudi nyumbani akasema siwezi kuendelea na yule mwalimu, na hataki kueleza zaidi, mama akae naye, asimlazimishe, na baba asianze na "uliwahi kumpa sababu gani?" Katika hali hiyo kuahirisha peke yake hakutoshi, kwa sababu anayekaa nyumbani ni aliyedhulumiwa na aliyedhulumu anapata mwanafunzi mwingine. Kuna kamati za chuo na kuna sheria ya nchi. Ujumbe wa simu usifutwe. Na wanafunzi wa kike wanaoanza sasa waombe tangu siku ya kwanza vikao vifanyike ofisini, mchana, mlango ukiwa wazi. Dini yetu imetufundisha jambo hilo zamani, na vyuo vingi sasa vinaliandika kwenye kanuni zao.

Turudi nyumbani. Kwa nini hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwa wengine? Tunadhani jibu liko kwenye historia. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji shule za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wengi waliwazuia watoto wao wakihofia wasibatizwe. Babu zetu wakabaki kwenye biashara, udereva, ushonaji. Kazi za heshima, lakini bila shahada. Ndiyo maana leo mtoto mmoja akifika PhD anakuwa mali ya mtaa mzima. Wanaomwombea dua ni wengi, na wanaomtaja kwenye harusi ni wengi zaidi. Kabla hajaandika hata sura ya kwanza ameshaitwa "daktari". Mapenzi hayo ni mema. Lakini yanamfanya kijana aone kwamba akisimama, si yeye aliyesimama, ni Waislamu wa Kamembe wote. Hakuna mgongo unaobeba hivyo. Jina la daktari lisubiri siku yake.

Basi akirudi, kwanza apewe muda wa kulala. Wiki mbili, tatu, asiulizwe tarehe. Wageni wakiuliza, mzazi ajibu yeye: "Amechukua likizo ya masomo, anapumzika." Maneno hayo ni kweli na yanatosha. Baada ya hapo apatiwe kazi yenye saa, maana mtu aliyesoma miaka minne akikaa tu sebuleni na simu, huzuni inamla. Afundishe sekondari, asaidie hesabu za duka, awasomeshe wadogo madrasani. Wenzetu wa Bukavu ambao masomo yao yamevurugwa na vita tangu mji ulipotekwa Februari 2025 wametuonyesha kwamba mtu anaweza kufundisha asubuhi na kuandika jioni hata katika hali ngumu kuliko hii yetu. Na kila wiki atenge saa chache za kuisoma kazi yake, hata kama hakuandika kitu, isigeuke kuwa jeneza ndani ya begi. Akiona usingizi haurudi na machozi hayaishi, aende hospitali, na ruqya iende sambamba na daktari. Moja halizuii lingine.

Na kama mwisho wa mwaka ataamua harudi? Hilo nalo linawezekana. Shahada ya uzamili aliyo nayo haijafutika, na utafiti wake unaweza kuwa makala au kitabu. Tunachopinga ni kutorudi kwa kusahau, kwamba tarehe ilipita na hakuna aliyejali. Kwa hiyo barua ile ya chuo ibandikwe mahali inapoonekana, na miezi mitatu kabla ya tarehe ya kurudi kijana aandike mambo mawili: kwa chuo, kuuliza nani atakuwa msimamizi wake na kuomba jibu kwa maandishi, na kwa yule msimamizi wa zamani, mistari michache ya heshima, kumshukuru kwa alichomfundisha na kumwarifu kwamba anarudi chini ya mtu mwingine. Barua hiyo ya pili wengi hawataki kuiandika. Iandikwe mchana, asome mzee mmoja wa nyumbani, ndipo itumwe.

Wabillahi tawfiq.